Muda wa Maandishi Yenye Mwendo katika Video za Kufundishia Kusoma

Miongoni mwa zana ambazo mwalimu wa shule ya msingi wa leo anaweza kuzitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, video fupi ya somo imepata nafasi kubwa. Mwanachuo anayeingia chuoni huja na simu mfukoni, na ndani ya simu hiyo aghalabu mna programu ya kuhariri video. Anajua kukata kipande, kuunga kipande, kutia muziki, na kuandika maneno juu ya picha. Wala maneno hayo hayasimami tu. Huingia yakiruka, yakizunguka, au yakijitokeza herufi moja moja kama yaandikwayo na taipureta. Kisha hutoka kwa madaha yale yale. Ni jambo la kupendeza kulitazama. Lakini zana ya kufundishia haipimwi kwa kupendeza kwake; hupimwa kwa kazi inayomfanyia mwanafunzi. Makusudi ya makala haya ni kutazama jambo moja tu katika zana hiyo, nalo ni muda: maneno yaingie kwa muda gani, yakae kwa muda gani, na yatoke lini.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu, katika kufundisha kwangu mbinu za kufundishia Kiswahili, nimeona wanachuo wengi wakishughulika sana na sura ya maneno, yaani rangi, ukubwa na aina ya mwendo, na wachache mno wakishughulika na muda wake. Muda huachiwa programu iamue. Nayo programu haimjui mtoto wa darasa la pili.

Kadi ya maneno na kioo cha video

Kabla ya video kulikuwa na kadi za maneno, na kadi zingalipo, wala sitaki ziachwe. Mkufunzi aliyenifundisha mimi alikuwa fundi wa kadi. Aliishika kadi kifuani, maandishi yakiwa yameelekea kwake, akangoja darasa litulie. Akaigeuza mara moja tu, bila kuitikisa. Kisha akanyamaza. Kimya kile kilituchosha sisi wanachuo tuliokuwa tukiigiza watoto, maana kwa mtu mzima neno "kikombe" halihitaji hata nusu sekunde. Lakini yeye alikuwa akipitisha macho yake safu kwa safu, akitazama midomo. Hakuishusha kadi mpaka mdomo wa mwisho ulipotulia. Ndipo aliposema, "Haya, sote." Tulipomwuliza huhesabu ngapi kabla ya kuishusha, alijibu kwamba hahesabu, hutazama.

Katika kadi, basi, mambo matatu yamo mkononi mwa mwalimu: kuigeuza, kungoja, na kuishusha. Maandishi yenye mwendo katika video yana mambo hayo hayo matatu, yaani kuingia, kukaa na kutoka. Tofauti ni kwamba video haitazami midomo ya mtu. Muda wake umekwisha kuamuliwa jana usiku, mwalimu alipokuwa peke yake mbele ya kompyuta, naye ni msomaji mwepesi anayeyajua maneno hayo kwa sababu ameyaandika mwenyewe. Hapana budi, basi, mwalimu aupeleke mwendo wa mtoto mpaka kwenye meza ya kuhariri. Asipofanya hivyo, atakuwa amempimia mtoto kwa pumzi zake mwenyewe.

Jinsi programu inavyougawa muda

Video ni picha nyingi zisizotembea zinazofuatana upesi hata jicho likaona mwendo. Kila picha huitwa fremu. Sinema ilizoea fremu 24 kwa sekunde. Televisheni ya Ulaya na ya nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, ilifuata fremu 25, kwa kuwa umeme wa nchi hizo ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani, yenye umeme wa mizunguko 60, ilifuata 30. Kwa hiyo mwanachuo na ahakikishe kwanza kazi yake ni ya fremu ngapi. Programu nyingi za kompyuta huonyesha muda kwa saa, dakika, sekunde na fremu. Ukiona 00:00:04:12 katika kazi ya fremu 25, hizo ni sekunde 4 na fremu 12, karibu sekunde nne na nusu, wala si sekunde 4 na sehemu 12 za mia.

Ukitaka kuuamuru mwendo wa maandishi, unatia alama katika fremu fulani na kuiambia programu: hapa maandishi yawe nje ya kioo, pale yawe mahali pake. Programu yenyewe hujaza fremu zilizo katikati. Kwa kazi yetu zatosha fremu nne zenye alama. Katika ya kwanza maandishi hayaonekani. Katika ya pili yameonekana kamili na yamefika mahali pake. Katika ya tatu yangali vile vile. Katika ya nne yameondoka. Kati ya ya kwanza na ya pili ni kuingia. Kati ya ya pili na ya tatu ni kukaa. Kati ya ya tatu na ya nne ni kutoka. Ukiona maandishi yamekaa muda mfupi, isogeze ya tatu pamoja na ya nne. Ukiisogeza ya nne peke yake, utakuwa umerefusha kutoka, na mtoto ataona maneno yakififia polepole bila ya kupata nafasi zaidi ya kuyasoma.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu si kila programu hutenda sawa unapokivuta kipande cha maandishi ili kukirefusha. Katika Kdenlive, kwa mfano, ambayo ni programu isiyolipiwa, kipande cha maandishi huanza na sekunde 5 usipobadilisha. Na mwendo unaotengenezwa ndani ya ukurasa wake wa maandishi una mwanzo na mwisho tu, ukatandazwa katika urefu wote wa kipande. Kukirefusha kipande hicho ni kuupunguza mwendo kasi yake. Maneno huendelea kutembea tangu mwanzo hata mwisho, wala hayapati kutulia. Katika programu kama hiyo yafaa kuyaacha maandishi bila mwendo wake mwenyewe, kisha kuyatilia mwendo kwa alama nne nilizozitaja. Katika CapCut, ambayo wengi wenu mnayo katika simu, mwendo wa kuingia na wa kutoka huwekwa mbalimbali, kila mmoja na kipimo chake cha sekunde. Kazi ya mwalimu ni kuvitazama vipimo hivyo viwili na kuvipunguza. Na mwanachuo anayetengeneza slaidi kwa PowerPoint kisha akazigeuza kuwa video ajue kwamba kila slaidi asiyoipa muda hupewa sekunde 5, iwe na neno moja au aya nzima.

Sekunde hizo 5 si kosa la programu. Mtengenezaji alikuwa hana budi kuweka tarakimu fulani ili kazi ianze. Ustadi wenyewe wa maandishi yenye mwendo ulikuzwa katika sinema. Saul Bass, mchoraji wa Marekani, alisifiwa sana kwa maandishi ya mwanzo aliyoyatengenezea filamu za *The Man with the Golden Arm* ya mwaka 1955 na *Psycho* ya mwaka 1960, ambamo mistari hukatiza kioo na majina hukatika vipande na kuungana tena. Lakini tuangalie maandishi yale yalimwandikiwa nani. Yaliandikiwa mtu mzima ajuaye kusoma, tena majina ya waigizaji ambayo yakimpita hapotezi kitu. Mtoto wetu yuko katika hali iliyo kinyume kabisa: hajui kusoma sawasawa, na maneno yenyewe ndiyo somo.

Hesabu ya mtoto

Tuje katika hesabu. Mwongozo wa shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, kwa maandishi yanayofuata mazungumzo katika televisheni, huelekeza mwendo wa maneno 160 hadi 180 kwa dakika. Kwa kipimo hicho cha juu, kila neno hupata theluthi ya sekunde. Huyo ni msomaji wa Kiingereza aliyekwisha kukomaa. Sasa tumtazame wa kwetu. Tathmini ya kitaifa ya stadi za kusoma iliyofanyika Tanzania mwaka 2013 ilionyesha kwamba mtoto wa darasa la pili, kwa wastani, alisoma kwa usahihi maneno karibu 18 ya Kiswahili kwa dakika. Na lengo lililowekwa baadaye kwa darasa hilo ni maneno 50. Gawa dakika moja kwa maneno 18: kila neno lahitaji sekunde 3 na theluthi. Ni mara kumi ya muda wa msomaji yule wa televisheni.

Chukua sentensi fupi: "Mama anapika wali jikoni." Ni maneno manne. Kwa kipimo cha televisheni itakaa sekunde 1.3. Kwa mtoto aliyefikia lengo la maneno 50 itahitaji karibu sekunde 5. Kwa mtoto wa wastani wa mwaka 2013 itahitaji sekunde 13. Na wastani si mtoto wa mwisho. Wako walio chini yake, nao wameketi katika darasa hilo hilo. Ukitoa sekunde 5 za programu, kisha ukaondoa sekunde 1 ya kuingia na 1 ya kutoka, zimebaki 3. Katika sekunde 3 mtoto huyo hamalizi hata neno "mama".

Kuna jambo jingine linaloihusu lugha yetu. Vipimo vya kigeni huhesabu maneno, lakini neno la Kiswahili linaweza kubeba sentensi nzima. "Hatutawasahau" ni neno moja. Lina silabi saba, nalo lina mtenda, ukanushi, wakati na mtendwa ndani yake. Ukilipa muda sawa na "wali" umelidhulumu, na pamoja nalo umemdhulumu msomaji. Kwa sababu hiyo mimi huwaelekeza wanachuo wahesabu silabi. "Mama anapika wali jikoni" ina silabi 11. Kama darasa lako huhitaji sekunde 13 kwa sentensi hiyo, basi kila silabi ina sekunde 1 na kitu kidogo, nawe waweza kuukadiria muda wa sentensi yoyote nyingine.

Tarakimu hizi zisichukuliwe kama sheria ya kila darasa. Kila mwanachuo apime mwenyewe. Apewe kifungu chepesi, awaite watoto watano au sita mmoja mmoja, wasome kwa dakika moja, naye ahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa. Kazi hiyo huchukua muda usiozidi nusu saa, na matokeo yake yakiandikwa katika andalio la somo hufaa kwa mengi zaidi ya video.

Ng'ombe alikula nini?

Nitoe mfano nilioushuhudia wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja, kijana mwenye bidii, alikuwa ametengeneza video ya wanyama wa nyumbani kwa darasa la pili, watoto wapatao sabini, na kuionyesha kwa projekta ya kuazima juu ya shuka jeupe. Picha ya ng'ombe malishoni ilitokea, na juu yake maneno "Ng'ombe anakula majani" yakaja yakizunguka, yakatulia kidogo, yakaruka kwenda zake. Darasa zima likapaza sauti: "Ng'ombe anakula nyasi!" Mwanachuo akafurahi, akasema, "Vizuri sana! Jipigieni makofi." Wakajipigia.

Baada ya kipindi nilimwita msichana mmoja wa safu ya tatu ambaye nilikuwa nimemwona akiitikia kwa nguvu. Akanisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, nikamwuliza, "Mwanangu, pale kwenye shuka paliandikwa nini?" Akajibu bila kusita, "Ng'ombe anakula nyasi." Nikaandika maneno yale yale matatu katika karatasi, nikampa. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alikwenda taratibu, silabi kwa silabi, mpaka akafika la tatu: "Ma... ja... ni. Majani." Akanitazama, akalirudia, kisha akasema, "Kumbe ni majani! Kule maneno yalikuwa yanakimbia, mwalimu."

Tuyaangalie yaliyotokea. Msichana huyu anajua kusoma. Alihitaji kama sekunde 4 kwa neno moja, naye akipewa sekunde hizo analifikia neno lenyewe na kugundua kwamba halikuwa lile alilolidhani. Video haikumpa. Basi akafanya kile mtoto yeyote mwenye akili angefanya: aliitazama picha, akasikiliza wenzake, akapaza sauti. Akasifiwa kwa hilo. Mtoto anayesifiwa hivyo mwaka mzima hujifunza kwamba kusoma ni kubahatisha upesi, na kwamba maneno yaliyoandikwa hayahusiki sana. Mwalimu naye hujifunza kwamba darasa lake linasoma. Wote wawili hufika darasa la nne na imani hiyo.

Jioni ile niliketi na mwanachuo tukaitazama kazi yake katika kompyuta. Sentensi ilikuwa na sekunde 5: 2 za kuzunguka ikiingia, 1 ya kuruka ikitoka, 2 za kukaa. Akatoa hoja ambayo si ya kudharauliwa. "Lakini mwalimu," alisema, "watoto hupenda vitu vinavyotembea. Maneno yakisimama tu, hawatayatazama." Ni kweli kwamba jicho hufuata kinachotembea. Lakini kutazama si kusoma. Jicho lisomalo lazima litulie juu ya neno. Neno likitembea, jicho hulifuata neno zima kama lifuatavyo mpira, lisipate nafasi ya kupita ndani yake kutoka silabi hii hadi ile. Kazi ya mwendo ni kuita, kama kengele ya shule. Kengele hulia, watoto wakaja, ikanyamaza, somo likaanza. Kengele ikilia kipindi kizima hakuna atakayesikia kitu.

Tukaamua, basi, kwamba maandishi yaingie kwa fremu 15, yaani sekunde 0.6, kutoka upande mmoja tu, bila kuzunguka. Tukachagua mwendo unaoanza kwa kasi na kumalizikia kwa upole, ili maneno yafike mahali pake bila kugota ghafla. Wachoraji wa filamu za katuni waliijua siku nyingi siri hiyo ya upole wa mwanzo na wa mwisho. Frank Thomas na Ollie Johnston wa kampuni ya Disney waliiweka miongoni mwa kanuni 12 katika kitabu chao cha mwaka 1981. Kisha maandishi yakakaa sekunde 11, kimya. Tukaiondoa picha ya ng'ombe mahali pale na kuipeleka baada ya maneno, na sauti ya kusoma tukaipeleka baada ya sekunde hizo 11.

Siku ya pili darasa halikupiga kelele. Palikuwa na mnong'ono, midomo ikichezacheza, vidole vingine vikisogezwa juu ya dawati kana kwamba maneno yamelala pale. Sauti iliposoma "majani" wengi walikuwa wamekwisha kulijua neno, na picha ya ng'ombe ilipotokea wakacheka, kwa kuwa walikuwa wakimngojea. Lakini la maana zaidi lilikuwa kwa mwanachuo mwenyewe. Kwa kuwa maneno yalitulia, naye alipata kuyahamisha macho yake kutoka kwenye shuka kwenda kwa watoto. Akaona kwamba saba au wanane walioketi nyuma hawakuchezesha midomo kabisa. Siku ya kwanza sauti zao zilikuwa zimefichwa na makofi. Mwisho wa wiki alikuwa akiwajua kwa majina, na alikuwa akiwafundisha silabi kwa kadi, kando, kabla ya kengele ya asubuhi.

Herufi moja moja au silabi?

Mwendo mmoja wahitaji kutajwa peke yake kwa sababu wanachuo huupenda mno, nao ni ule wa taipureta, ambao hutoa herufi moja baada ya nyingine. Huonekana kama kwamba unamfundisha mtoto jinsi neno linavyojengwa. Kwa Kiswahili haumfundishi. Sisi hufundisha kusoma kwa silabi: ma, me, mi, mo, mu. Neno likija "m", kisha "a", kisha "m", kisha "a", mtoto huanza kutamka kila herufi kabla silabi haijatimia, na kile ulichokijenga asubuhi kwa chati unakibomoa mchana kwa kompyuta. Hali ni mbaya zaidi kwa sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili au zaidi: ch, sh, dh, gh, ny, ng'. Neno "ng'ombe" likija kwa mtindo huo, mtoto huona "n", kisha "ng", kisha alama ya ritifaa, na kwa kila hatua huwa na sababu ya kutamka kitu kisichokuwamo.

Dawa yake ni nyepesi. Kata neno katika silabi zake, kila silabi iwe kipande chake cha maandishi, na kila kipande kiingie kwa wakati wake: kwanza "ng'o", kisha "mbe". Usikitoe kipande cha kwanza cha pili kinapoingia; vyote vikae mpaka neno limetimia, kisha neno zima likae kwa muda wake kamili. Kati ya silabi na silabi acha sekunde 1 au zaidi, kwa kadiri ulivyolipima darasa lako. Kumbuka pia kwamba "m" katika "mtu" na "n" katika "nchi" ni silabi kamili, zistahili nafasi yake, lakini "mb" katika "mbuzi" haitengwi na "u" inayoifuata.

Sauti, picha na kitufe cha kusimamisha

Wakati wa sauti hutegemea lengo la somo. Katika somo la sayansi au jiografia, ambapo maneno ni msaada tu wa maelezo, sauti na maandishi vyafaa kuja pamoja. Katika somo la kusoma, sauti ikija pamoja na maandishi mtoto husoma kwa sikio. Maandishi yatangulie, kimya kifuate, sauti ije mwisho kuthibitisha, na baada ya sauti maandishi yakae tena sekunde chache ili mtoto aliyekosea apate kulilinganisha alilolisikia na analoliona.

Wengine husema kwamba hayo yote hayahitajiki, maana mwalimu aweza kubonyeza kitufe na kuisimamisha video apendapo. Ni kweli, naye abonyeze. Lakini video ambayo maneno yake hayatulii ni ngumu kuisimamisha mahali pafaapo. Aghalabu utayakuta maneno nusu yameingia au nusu yamefifia. Tena video hutumwa kwa simu kwa wazazi, na huko hakuna mwalimu wa kubonyeza. Muda wa kutosha uwemo ndani ya video yenyewe. Kitufe kiwe nyongeza.

Wengine huhofu kwamba video itakuwa ndefu na watoto wepesi watachoka. Tuhesabu. Sentensi moja ikiingia kwa sekunde 0.6, ikakaa 13, ikasomwa kwa 3, ikakaa tena 4, ikatoka kwa 0.6, imechukua sekunde 21 na kidogo. Katika dakika 3 zitaingia sentensi 8. Kwa watoto wa darasa la pili sentensi 8 zilizosomwa kweli ni kazi kubwa, kuliko 30 zilizopita mbele ya macho. Ama mtoto mwepesi, mpe kazi katika muda huo wa kukaa: atafute silabi fulani, ahesabu silabi za neno refu, au aandike sentensi ile katika daftari. Usimfupishie mwenzake muda ili yeye asichoke.

Kwa mwanachuo anayejiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha, ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuipeleka video darasani, itazame mara moja ukiwa na penseli na saa yenye mshale wa sekunde. Sauti iwe imezimwa. Kila maandishi yanapotulia, yasome silabi kwa silabi kwa kunong'ona, kidole kikiwa chini ya neno, kama afanyavyo mtoto. Yakiondoka kabla hujamaliza, andika namba ya sentensi hiyo pembeni. Yakibaki umemaliza, soma tena mara ya pili. Yakiwa yangalipo, muda huo wafaa kuujaribu. Kisha mtafute mtoto mmoja wa darasa lile, asiwe hodari wa darasa, umwonyeshe. Wewe usitazame kioo wakati huo. Kaa upande ambao utaweza kuiona midomo yake.